Baka Chini ya Soksi

Jumatatu, 5 Mei

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: nina baka jipya. Liko mguu wa kushoto, chini kidogo ya kifundo, upande wa ndani. Ni jeupe, lina ukubwa wa punje ya haragwe, na nimekuwa nalo tangu mwezi wa pili.

Daftari hili lilikuwa la jiografia. Nimechana kurasa tatu za mwanzo, zenye ramani ya mito, nikaanza upya. Naandika kwa sababu nisipoandika nitasema, na nikisema nimekwisha.

Nina mbalanga tangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Sasa nina kumi na sita. Ngozi inapoteza rangi yake, basi. Haiumi, haiwashi, haiambukizi. Hayo nimeyasoma katika vitabu vitatu na nimeyaeleza kwa watu mpaka nimechoka. Kwangu imekaa kuzunguka mdomo, juu hadi chini ya pua, chini hadi kidevuni. Ndiyo maana shuleni naitwa Maziwa. "Maziwa, futa mdomo!" Mwaka wa kwanza nilikuwa nafuta kweli.

Tarehe tatu mwezi ujao daktari wa ngozi atachukua ngozi ya paja langu, ambayo bado ina rangi, aipandikize mdomoni. Ila ana sharti moja, na alilirudia mara tatu akigonga meza kwa kidole: mwaka mzima pasitokee baka jipya mahali popote mwilini. Likitokea hata moja, ugonjwa unatembea, na ngozi iliyopandikizwa wakati ugonjwa unatembea nayo itapotea. Mwaka wangu umebakiza wiki nne.

Kila asubuhi nalipaka baka hilo rangi ya viatu, ya kahawia, kwa njiti ya kiberiti niliyoifunga pamba, halafu navaa soksi. Harufu yake inanichefua. Kikopo nakiweka nyuma ya kamusi, ambako katika nyumba hii hafiki mtu mwingine.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Soksi zililowa, rangi ikachuruzika mpaka kisiginoni. Karaha tupu.

Alhamisi, 8 Mei

Mwalimu wa Kiswahili alitusomesha sura ya nne kwa zamu. Alipofika dawati letu alimwita jirani yangu, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, kisha akaniruka mimi, akaenda dawati la nyuma. Huniruka kila mara. Anadhani ananihurumia.

"Una bahati wewe," Redio aliniambia, kinywa kimejaa yai la kuchemsha. "Mdomo wako una likizo ya kudumu."

Nilicheka. Halafu nikajichukia kwa kucheka, na harufu ya lile yai ikanikaa puani mpaka kengele ya mwisho. Nikishafanyiwa operesheni nitasoma sura nzima mimi mwenyewe, kwa sauti, na watu watatazama kitabu badala ya mdomo.

Jumamosi, 10 Mei

Baba ni fundi wa kupaka magari rangi. Jumamosi huwa namsaidia kupiga msasa. Leo alikuja mtu na gari jeupe, linang'aa ukilitazama kutoka mbali.

"Fundi, mimi sitaki mambo mengi. Pulizia tu juu, keshokutwa nina mnunuzi."

Baba alichuchumaa akapitisha ukucha chini ya mlango. Bati lilimeguka kama biskuti.

"Hii kutu, mzee mwenzangu. Kutu haipakwi, inakatwa."

"Nani atainama huko chini kuangalia?"

"Itainuka yenyewe ije kuangaliwa."

"Una maringo sana kwa mtu mwenye viatu vyenye matundu."

"Matundu haya unayaona, au siyo? Sijayapaka rangi."

Yule mtu aliondoka akibamiza mlango, na kipande kingine cha bati kikaanguka. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Harufu ya thina, ile ya kuyeyushia rangi, ilinipanda kichwani, na kifundo kikaanza kuniwasha. Mbalanga haiwashi. Nimeisoma hiyo katika vitabu vitatu.

Jumatano, 14 Mei

Shangazi, dada yake baba, amekuja kukaa nasi mpaka nipone. Ni mnene, ana maneno, na akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Amekuja na mabegi mawili na kikombe cha bati cha bluu kilichobanduka ukingoni. Alikiweka rafu ya juu kabisa, mbali na vikombe vyetu, akanigeukia mimi. Hakumgeukia mtu mwingine.

"Mwanangu, hiki usikiguse. Usikinywee hata kwa bahati mbaya."

Alipokuwa anasema macho yake yalikuwa mdomoni mwangu. Kumbe hata yeye. Ningeweza kumwambia haiambukizi. Nilisema, "Sawa, shangazi," nikaenda kulala na njaa.

Alhamisi, 15 Mei

Shangazi alipotoka nimekinywea. Maji kikombe kizima, na ukingo nimeuzungusha midomoni mwote. Aambukizwe basi, tuone.

Ijumaa, 16 Mei

Nimekinywea tena. Maji yana ladha ya mnanaa.

Jumanne, 20 Mei

Leo ilikuwa kliniki, ukaguzi wa mwisho.

Iko ghorofa ya pili, korido yenye viti vya chuma vilivyounganishwa. Mmoja akitikisa mguu, safu nzima inatikisika. Mvua ilikuwa inanyesha na kila mtu alinuka nguo mbichi. Mama alibaki kitini. Mimi niliingia kwa muuguzi ambaye kila baada ya miezi mitatu hunichora. Kwangu ni Sista wa Plastiki. Ananilaza, ananiwekea karatasi ya plastiki inayoonyesha juu ya mdomo, na kwa kalamu nene anafuata ukingo wa baka pole pole kama mtoto anayenakili ramani. Kisha anaipanga ile ya leo juu ya zile za nyuma na kuziinua dirishani.

Mistari minne ilikaa juu ya mmoja.

"Njoo utazame mwenyewe," alisema. "Halijasogea hata unywele. Kwingine je? Kuna jipya?"

"Hakuna, sista."

"Haya, vua viatu nitazame miguu. Ndio utaratibu."

Niliinama. Kamba zilikuwa zimelowa na fundo limekaza. Nitaandika hapa kweli yake: sikuwa nalifungua. Nilikuwa nalivuta likaze zaidi. Nje mtoto alikuwa analia na mtu anauliza foleni inakwenda au imelala.

"Aibu ya nini, mwanangu? Mimi nimefua nepi za watoto wanne." Alilitazama lile fundo, akanitazama usoni. "Una hakika hakuna?"

"Nina hakika."

"Basi acha, usije ukakata kamba. Msomi kama wewe hawezi kunidanganya."

Akaandika katika faili, *Hakuna jipya*, akatia sahihi. Ana mwandiko wa mviringo, mzuri.

Nilishuka ngazi nikatapika kwenye mfereji. Mama alisema ni wasiwasi wa operesheni. Alinishika mgongo na hakuuliza kitu.

Jumapili, 25 Mei

Mvua. Kikombe cha bluu: siku ya kumi na moja mfululizo. Shangazi bado hajaota baka.

Ijumaa, 6 Juni

Imefanyika. Mkono unaweza kuandika, mdomo ndio hauruhusiwi. Siku saba nisiongee, nisitafune, nisicheke. Midomo ikisogea, ngozi mpya itasogea nayo.

Kwanza paja. Daktari alichukua mabomba matano ya sindano yaliyokatwa ncha, akayafanya vikombe vya kufyonza, akayapachika. Yalininyonya saa mbili na nusu. Yalipobanduliwa, ngozi ilikuwa imeinuka malengelenge matano, ya duara, ndani yana maji ya manjano, kama macho matano ya samaki wa kuchemshwa yanayonitazama kutoka kwenye mguu wangu mwenyewe. Akatoboa. Maji yakatiririka, ya uvuguvugu, hadi nyuma ya goti. Kwa mkasi mdogo akakata vifuniko vya yale malengelenge na kuvitandaza juu ya kioo. Ilikuwa ngozi nyembamba kama utando wa maziwa yaliyochemka. Niliwaza, basi Maziwa anapata utando wake.

Nilivalishwa kofia na soksi za karatasi. Nilimshukuru Mungu kwa soksi za karatasi. Asubuhi ile nilikuwa nimepaka mara mbili.

Sindano za ganzi zilichomwa mdomoni kote, na hizo sitaki kuzikumbuka. Kisha daktari akawasha kimashine chake na kuanza kuikwangua ngozi nyeupe ili mpya ipate pa kushika. Sikuhisi maumivu ila nilisikia, na nilionja. Damu ina ladha ya sarafu.

Kabla ya sindano, baba alipewa ruhusa kuchungulia kabla mlango haujafungwa. Alikiona kile kimashine.

"Daktari, kumbe na nyinyi mnapiga msasa?"

"Tunapiga, fundi. Usipokwangua, kitu hakishiki."

"Ndiyo maana yake! Hata mimi wateja nawaambia hivyo hivyo!"

Alifurahi kama aliyekutana na ndugu aliyepotea. Mimi nilikuwa nimelala hapo katikati yao, na baka chini ya soksi ya karatasi.

Jumamosi, 7 Juni

Nanywa kwa mrija: uji, mchuzi uliochujwa, maji. Pumzi yangu inanirudia ndani ya bandeji, na inanuka mnyama aliyekufa chini ya kabati. Watu wanadhani asiyeongea hasikii pia. Mama alimwambia jirani mlangoni, "Akipona huyu, hata mimi nitaanza kulala." Sikujua kama halali.

Jumapili, 8 Juni

Mchana huu, wote wakiwa wamepumzika, nilikwenda kuchukua kikombe cha bluu ninywe kwa mrija. Sikuona sababu ya bandeji kuvunja mazoea. Nilinyoosha mkono nikakishusha.

Ndani yake kulikuwa na meno.

Meno ya juu, safu nzima, na ufizi wake wa waridi, yameloweshwa katika maji ya mnanaa, yananichekea. Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani: wiki mbili na zaidi, kila siku, kikombe kizima, ukingo wote. Nilitaka kutapika na siruhusiwi kufungua mdomo. Nilishika meza, nikameza, nikameza tena, machozi yakanitoka.

Shangazi alinikuta hapo. Alitazama kikombe, mrija, macho yangu. Akaelewa yote kwa mara moja.

"Ooh, baba wee," alisema, maneno yakipita kwenye ufizi mtupu. "Nilikukataza lakini. Umekinywea mara ngapi?"

Nilionyesha vidole vya mikono yote miwili, nikavifunga, nikavionyesha tena.

Alikaa chini kabisa, sakafuni, akacheka bila kuziba mdomo. Ndipo nikajua kwa nini huuziba. Na mimi nikacheka kwa pua, huku nimeshika bandeji kwa mikono miwili isisogee, na iliniuma sana.

Jumanne, 10 Juni

Bandeji imetoka. Chini yake ni magamba meusi na usaha uliokauka, kama chungu kilichoungua. Daktari anasema ndivyo inavyotakiwa. Redio alikuja kuniona, akaona, akasema ana kazi nyingine nyumbani kwao.

Jumanne, 24 Juni

Magamba yamekwisha kudondoka. Chini yake kuna rangi. Visiwa vitano vya kahawia vimeanza kuungana juu ya mdomo na pembeni. Nimejitazama kwenye kioo mara kumi na tisa. Mvua imeacha.

Alhamisi, 26 Juni

Mwalimu hakuniruka. Nilisoma kurasa mbili na nusu. Redio aliniambia baadaye, "Sasa tukuite nani? Maziwa yameisha." Nilipogeuka kuwatazama, wote walikuwa wameinamia vitabu.

Sina la kuongeza. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote.

Alhamisi, 3 Julai

Leo nikioga niliona paja. Pale palipokuwa na malengelenge, makovu yamepona na kuwa meupe. Si weupe wa kovu. Ni weupe ninaoujua. Duara tano, zimepangwa vizuri, kama vifungo vya shati la mtu msafi.

Kifundoni, haragwe limekuwa yai.

Nimejisugua kwa jiwe la kusugulia miguu mpaka pametoka damu. Huo ni ujinga, nimesoma mwenyewe kwamba kila jeraha linaita baka. Lakini nilisugua.

Jumatano, 9 Julai

Pembe ya mdomo, kulia. Mstari mweupe kama uzi.

Jumamosi, 12 Julai

Uzi umekuwa kamba. Leo tukiwa karakana baba alinishika kidevu kwa mkono wenye vumbi la msasa, akanigeuza kwenye mwanga kama anavyogeuza mlango wa gari.

"Rangi inaachia," alisema. Uso wake ulibadilika. "Hii kazi mbovu hii. Huyu mtu hakuandaa bati."

Jumatatu, 14 Julai

Tulikwenda kliniki sote watatu. Daktari alitazama mdomo, akatazama paja.

"Tulipochukua ngozi pamegeuka peupe. Hili halitokei kama ugonjwa umetulia. Vua viatu."

Safari hii kamba zilikuwa kavu. Nilivua. Nilikuwa sijapaka, sijui kwa nini. Baka lilikuwa pale, wazi mbele ya wote.

"Hili lina muda gani?"

Kabla sijapumua, mama alijibu. "Wiki mbili. Tatu hazifiki."

Nilimgeukia. Alikuwa anatazama ukutani, kwenye picha ya tabaka za ngozi.

Daktari alifungua faili, akasoma lile neno la mwandiko wa mviringo, akamwita Sista wa Plastiki. Alikuja na miwani yake inaning'inia kifuani.

"Ulimkagua miguu?"

Alinitazama mimi, akatazama viatu vyangu. Niliona amelikumbuka lile fundo.

"Sikumvua viatu," alisema. "Nilimuuliza tu."

"Hakumuuliza!" mama alisema. "Mwanangu alitoka humo hata dakika tano hazikufika."

"Nilimuuliza, mama."

"Mtoto aseme mwenyewe," baba alisema. "Alikuuliza?"

Nilifungua mdomo. Mdomo huu ambao watu wengi wameuhangaikia. Nikasema, "Sikumbuki."

Sista alivaa miwani, akaivua tena. Daktari alisema kamati itakaa tarehe ishirini na mbili, na kwamba kusaini bila kukagua ni kosa la kumwachisha mtu kazi.

Jioni nilimfuata mama jikoni. Alikuwa ananipa mgongo, anasugua sufuria.

"Mama, ulijuaje kuhusu mguu?"

"Soksi zako nazifua mimi." Hakuacha kusugua. "Tangu mwezi wa pili zina kahawia upande mmoja. Mwanzoni nikadhani ni viatu vibovu. Halafu nikaona kikopo nikifuta vumbi la kamusi."

"Ukanyamaza."

"Wewe ulinyamaza. Nikasema, kama ameweza yeye, nitaweza na mimi. Nilitaka upate uso wako, basi. Kwani ni dhambi?"

Nilitazama mikono yake katika maji ya povu yenye mafuta mafuta na makombo, nikasikia kinyaa cha namna ambayo sijawahi kusikia kwa mtu ninayempenda. Kisha nikaona kwamba vidole vyake na vyangu vinafanana kabisa.

Jumatano, 16 Julai

Mwenye mwandiko mzuri nyumbani ni mimi. Kwa hiyo baba ameniita mezani niandike barua ya malalamiko kwa kamati, yeye akisema, mimi nikiandika.

"Andika: muuguzi huyo hakumuuliza mwanangu neno lolote. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Andika: mwanangu ni mkweli, analelewa katika nyumba ya kweli. Mbona umesimama?"

"Kalamu imekwama."

"Itikise. Andika: mimi ni fundi, na fundi anayetia sahihi kazi asiyoikagua hafai kushika kazi ya watu."

Nimeandika yote, nimeweka na nukta zote. Ni ukurasa mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika, na nikiutazama nasikia ladha ya damu na mnanaa.

Jumamosi, 19 Julai

Jua kali, vumbi. Baka la mdomo limefika nusu. Redio amesema, "Karibu tena, Maziwa." Hakusema kwa ubaya.

Jumapili, 20 Julai

Nimemwambia shangazi. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa kuwa nimekunywa maji ya meno yake, hakuna kilichobaki cha kuoneana aibu.

Alisikiliza mpaka mwisho akichekecha unga. Alianza kunipigia ile methali ya maradhi na kifo, akaikatiza njiani. "Aah, hiyo unaijua, umeshaiandikia insha." Kisha akasema, "Mimi haya meno niliyaficha miaka kumi na mmoja. Nilikuwa sili mbele za watu, sicheki. Siku moja harusini nikapiga chafya, yakaruka yakatua kwenye bakuli la mchuzi la mkwe wa watu."

"Ukafanya nini?"

"Nitafanya nini? Niliomba kijiko."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Lakini meno yangu yalimwagia mtu mchuzi tu, mwanangu. Hayakumwachisha mtu kazi."

Jumanne, 22 Julai

Nilichofanya leo ni hiki.

Niliamka kabla ya wote nikaoga. Chini ya kucha na katika mikunjo ya kifundo palikuwa bado na rangi ya viatu ya siku za nyuma, imegoma sabuni. Nilikwenda karakana nikalowesha kitambaa kwa thina nikapafuta. Paliwaka moto. Kikopo nilikitupa kwenye pipa la mabati mabovu. Sikuvaa soksi, nilivaa kandambili.

Baba alikuja amevaa shati safi, barua ikiwa mfukoni.

"Mbona kandambili? Tunakwenda mbele ya kamati."

"Baba, naomba uiname uangalie huku chini."

Alinitazama, halafu akainama. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama juu yake: mwezi wa pili, njiti ya kiberiti, fundo nililolikaza, "nina hakika" yangu, "sikumbuki" yangu. Alipitisha ukucha juu ya baka, taratibu, kama anavyofanya chini ya milango.

"Mama yako anajua?"

"Aliyepaka ni mimi."

Aliponyanyuka macho yake yalikuwa mekundu. Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alitoa barua mfukoni akanikabidhi.

"Mwandiko wako huu. Utausoma wewe."

Tulikwenda kwa miguu. Kamati ilikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu, na daktari kando. Sista wa Plastiki alikaa kwenye kiti peke yake na mkoba magotini, kama mtu anayesubiri gari. Mwenyekiti aliuliza nani ataeleza malalamiko. Nilisimama. Niliomba dakika chache, nikageuza barua, nikaandika upande wa nyuma pale pale, juu ya ukingo wa meza yao, kwa haraka na kwa mwandiko mbaya. Nikaisoma kwa sauti.

Niliandika kwamba aliniuliza mara mbili na mara mbili nilisema uongo. Kwamba aliniambia nivue viatu nami nikakaza fundo. Kwamba baka lilikuwapo na lilikuwa limepakwa rangi ya viatu. Wote walikuwa wananitazama mdomo. Niliona kabisa wanavyoutazama, nusu kahawia, nusu nyeupe. Nilisoma hadi mwisho.

Mwenyekiti alisema muuguzi atapewa onyo la maandishi kwa kutokagua miguu, na atabaki kazini. Daktari alisema kwangu hesabu ya mwaka inaanza upya, na haianzi leo. Itaanza siku baka la mwisho litakaposimama. Nilisema nimeelewa.

Nilimwomba Sista msamaha korido. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Ingia," akafungua mlango wa chumba chake. Alichukua karatasi ya plastiki na kalamu nene, akapiga magoti sakafuni, akaiweka juu ya kifundo changu na kuchora ukingo wa baka, pole pole, mpaka mstari ukafunga. Aliandika tarehe. Kisha akaniambia nivue na kandambili ya pili.

Nikavua.